Riwaya za Siri: Kizazi cha Nabii Isa, Kirusi cha Ugumba na Chanjo za Mabinti Zetu

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Tumekuwa tukipokea masuala kutoka kwa wazazi, Unguja na Pemba, kuhusu riwaya za mwandishi wa Kimarekani Dan Brown, ambazo vijana wetu wa skuli na vyuo vikuu wanazisoma kwenye simu au kuzitazama kama filamu. Mbili ndizo zinazotajwa zaidi. The Da Vinci Code, ya mwaka 2003, inadai kuwa Nabii Isa (a.s.) aliacha kizazi na kwamba Kanisa limeificha siri hiyo kwa karne nyingi. Inferno, ya mwaka 2013, inasimulia mwanasayansi tajiri aliyetengeneza kirusi cha kuwafanya binaadamu wagumba. Wengine wanauliza hukumu ya kuzisoma, wengine wanauliza kama yaliyomo ni kweli. Na mama mmoja ametuandikia kwamba amewazuia mabinti zake wawili wasichanjwe skuli, kwa sababu ameletewa ujumbe wa sauti unaosema kuwa kilichoandikwa katika riwaya ile ya pili ndicho kinachofanywa sasa kupitia sindano. Suala la mama huyu ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu, maana hapo hatuzungumzii hadithi tena, tunazungumzia miili ya watoto.

Hukumu ya kusoma tutaimaliza kwa ufupi. Hadithi za kubuni si jambo geni kwa maulamaa wetu. Maqamat za al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, ni visa vya kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, na zimesomeshwa katika darsa za lugha kwa karne nyingi, kwa sababu msomaji anajua anachosoma. Maulamaa wamekhitilafiana katika mipaka, lakini wengi hawakuona ubaya katika kisa cha kubuni kisichopamba haramu wala kubomoa itikadi. Tatizo la riwaya hizi liko pengine: mwandishi anampa msomaji kisa cha kubuni na huku anamwambia kuwa kimejengwa juu ya mambo ya kweli.

Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu makuhani. Akawajibu kuwa hao si lolote. Wakasema, mbona wakati mwengine wanasema jambo na likawa? Akawaeleza kuwa lile ni neno moja la kweli ambalo jini hulinyakua, akalitia katika sikio la mwenziwe, nao wakalichanganya na uongo zaidi ya mia. Tunaomba msomaji aishike hadithi hii, maana tutairejea. Kuhani hauzi uongo mtupu, mana uongo mtupu haununuliki. Anauza lile neno moja, na mia nyengine zinapita kwa mgongo wake.

Sasa tuiangalie The Da Vinci Code. Ukurasa wake wa mwanzo, kabla kisa hakijaanza, unamwambia msomaji kwamba jumuiya ya siri iitwayo Priory of Sion ni ya kweli, iliasisiwa mwaka 1099, na nyaraka zake zilipatikana katika maktaba ya taifa mjini Paris. Neno la kweli hapo ni maktaba, na kweli nyaraka zilikuwemo. Lakini jumuiya yenyewe iliandikishwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu mmoja aitwaye Pierre Plantard, aliyetaka kujionesha kuwa ana damu ya wafalme wa kale, na nyaraka zile ni za kughushi zilizopelekwa maktaba katika miaka ya 1960. Mtu anaghushi karatasi, anaipeleka maktaba, kisha mwengine anakuja kuitoa kwa mshangao na kusema imo maktaba! Anayejua namna wanazuoni wa hadithi walivyomchunguza kila mpokezi katika isnadi ataona hapa kuna mpokezi mmoja tu, naye ni mwenye maslahi.

Riwaya hiyo inasema pia kuwa kabla ya Mkutano wa Nikea, mwaka 325, wafuasi wa Nabii Isa walimwona kuwa mwanaadamu, na kwamba uungu wake ulipitishwa mkutanoni kwa kura zilizokaribiana. Hapa ndipo baadhi ya ndugu zetu wa mihadhara wanapofurahi na kukinukuu kitabu hiki jukwaani, jambo ambalo hatuliafiki. Ni kweli mkutano ulifanyika, katika mji ambao leo unaitwa Iznik, nchini Uturuki, na ni kweli mjadala ulikuwa juu ya mafundisho ya Arius kuhusu Isa. Lakini maaskofu waliokataa kutia saini pamoja na Arius walikuwa wawili tu, kati ya mamia waliohudhuria, na pande zote mbili zilikwishamtukuza Isa kupita kiasi cha Mtume. Arius mwenyewe hakusema kuwa Isa ni mja na Mtume kama tunavyosema sisi.

Na kuna jambo ambalo mwenye kukinukuu kitabu hiki halitambui. Riwaya inasema Maria Magdalena alikuwa na mimba wakati Isa aliposulubiwa, kisha akakimbilia nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kisa chote kinasimama juu ya msalaba! Muislamu anayeinua kitabu hicho kuwa ni hoja amekubali kusulubiwa, jambo ambalo Qur-an imelikanusha waziwazi katika Suratun Nisaa, aya ya 157. Hatuhitaji riwaya kuthibitisha tauhidi, na hatuwezi kuchukua nusu ya ushahidi tukaiacha nusu.

Ama kuoa, hilo lililowatikisa Wakristo wengi kwetu si la kutikisa. Allah ametueleza katika Suratur Ra'd, aya ya 38, kuwa aliwapa Mitume wake wake na dhuria. Nabii kuwa na mke si aibu wala si siri ya kufichwa. Tunachokataa ni kumzulia Nabii wa Allah ndoa na mtoto bila ya dalili.

Vijana wa sayansi watauliza: je, DNA haiwezi kuthibitisha? Tujibu, maana biolojia ya jambo hili ni nzuri kuliko riwaya. Kila mtu anachukua nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa babu na bibi wanne ni kama robo kwa kila mmoja, na hivyo hivyo inakwenda ikipungua. Ukirudi vizazi kumi na tano au ishirini, wengi katika wahenga wako hawakukuachia hata kipande kimoja cha DNA, ingawa bila ya wao usingezaliwa. Miaka 2000 ni vizazi zaidi ya sabini. Upande wa pili wa hesabu ni kwamba mtu wa zama hizo aliyeacha kizazi kilichodumu mpaka leo, kizazi chake hakiwezi kuwa msichana mmoja anayelindwa na jumuiya ya siri, kitakuwa mamilioni ya watu waliotapakaa. Na hata ukipata DNA ya mtu wa leo, utailinganisha na ya nani? Hakuna mfano wa kulinganishia. Hapa visiwani zipo koo zinazohifadhi silsila zao kwa maandishi na kwa mashahidi, baba kwa baba. Nasaba inahifadhiwa namna hiyo, kwa watu wanaojuana na kushuhudiana, na hakuna aliyepata kuitoa katika mchoro wa ukutani.

Inferno imetumia ufundi ule ule, ila mahali pa siri za kanisa pamekaa maabara. Mwanasayansi wa kisa hicho anaamini kuwa watu wamezidi duniani, basi anatengeneza kirusi, anakitia ndani ya mfuko wa plastiki unaoyeyuka, na kuuficha katika maji chini ya ardhi mjini Istanbul. Wanaokitafuta wanafika wamechelewa: kirusi kimekwishaenea dunia nzima, na thuluthi moja ya binaadamu wamekuwa wagumba bila ya kuumwa hata mafua. (Filamu ya mwaka 2016 imebadilisha mwisho: kirusi ni cha kuua, na kinazuiwa. Basi hata waliokizua kisa hawakukubaliana mwisho wake.) Birika lile la maji ni la kweli. Linaitwa Yerebatan, lilijengwa karne ya 6 wakati wa mfalme Justinian, lina nguzo 336, na liko hatua chache kutoka Ayasofya. Kaburi la Dandolo, kiongozi wa Venice aliyeshiriki kuuvamia mji huo mwaka 1204, nalo lina alama yake ndani ya Ayasofya kama kitabu kinavyosema. Msomaji anayekwenda Istanbul anaviona vyote kwa macho yake, anarudi akisema: ala, basi na kirusi nacho ni kweli.

Kirusi nacho kina neno lake la kweli. Wanasayansi wanaweza kukiondolea kirusi madhara yake, wakakipakia kinasaba, na kukituma ndani ya chembe za mwili kama anavyopakiwa punda mzigo. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya namna hiyo kwa watu wenye upofu wa kurithi wa aina moja. Lakini iangalie tiba yenyewe. Daktari bingwa anadunga dawa nyuma ya jicho, jicho moja kisha jengine, mgonjwa mmoja mmoja, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Huo ndio uwezo wa binaadamu leo: kuufikisha mzigo katika jicho moja kwa taabu kubwa.

Kirusi cha riwaya kinatakiwa kiingie kwa pumzi, kifike hadi kwenye viungo vya uzazi, kibadilishe vinasaba vya kila mtu, kisha kifanye kazi kwa thuluthi tu na kiwaache thuluthi mbili. Na kifanye hivyo duniani kote kwa muda wa siku chache. Corona, iliyotangazwa China mwisho wa Disemba 2019 na ambayo ilikuwa kali katika kuambukiza, ilichukua miezi miwili na nusu mpaka mgonjwa wa kwanza kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, pamoja na ndege zote hizi. Tena virusi hujinakili, na katika kunakili hukosea. Corona tuliyoanza nayo siyo tuliyomaliza nayo. Kirusi kilichobebeshwa mzigo usiokisaidia kuishi huelekea kuutua njiani, kwa sababu nakala zilizoutua huenda mbio zaidi. Kinachobaki baada ya kupita katika mabilioni ya miili si kile alichokitengeneza fundi.

Tumefika kwenye ujumbe wa sauti wa yule mama. Hatutamdharau, wala hatutasema kuwa hofu yake imetoka hewani, kwa sababu yapo mambo yaliyotokea kweli. Kuanzia mwaka 1932 mpaka 1972, serikali ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi huko Tuskegee waliokuwa na kaswende, bila ya kuwatibu, ili ione ugonjwa utawafanya nini. Mwaka 2011 ilifichuka kuwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliendesha kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, Pakistan, ili kupata DNA ya watu wa nyumba moja. Miaka iliyofuata wachanjaji wa polio, wengi wao wanawake wa Kiislamu masikini, waliuliwa huko kwa kudhaniwa majasusi. Anayesema kuwa njama hazipo duniani naye hasemi kweli.

Lakini tazama njama za kweli zilivyojulikana. Zilitoka kwa waandishi wa habari waliotaja majina na tarehe, kwa watumishi waliosema waliyoyaona, na kwa nyaraka za serikali zenyewe. Ushahidi wake unaweza kusomwa na kuulizwa masuala. Ujumbe wa sauti hauna jina la msemaji, hauna tarehe, hautaji chanjo gani, na mwisho wake unakuhimiza uusambaze haraka kabla haujafutwa.

Neno moja la kweli katika uvumi wa ugumba ni hili. Tangu miaka ya 1970 wanasayansi, wakiwemo wa India na wengine waliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani, walifanya utafiti wa sindano ya kuzuia mimba, na ndani yake waliiunganisha homoni ya ujauzito na sehemu ya chanjo ya pepopunda. Utafiti huo haukuwa wa siri, ulichapishwa katika majarida, na athari yake ilikuwa ya muda. Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki nchini Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake imetiwa homoni hiyo. Serikali ya Kenya, WHO na UNICEF wakakanusha, na kukawa na mzozo mkubwa juu ya namna sampuli zilivyopimwa. Watu waliuliza, na suala lao lilikuwa la haki: kwa nini wanawake wa umri wa kuzaa peke yao? Jibu ni kwamba mtoto mchanga hupata pepopunda pale kitovu kinapokatwa kwa kitu kichafu, na kinga anayozaliwa nayo huipata kwa mama yake. Kumchanja mama ndiyo njia ya kumkinga mtoto siku zake za mwanzo. Laiti hilo lingeelezwa mapema kwa lugha ya watu, uvumi ungekosa pa kuingilia.

Gharama ya uvumi tumeiona kwa ndugu zetu wa Kano. Mwaka 2003 viongozi wa siasa na wa dini kaskazini ya Nigeria walisimamisha chanjo ya polio wakisema imetiwa dawa ya ugumba. Ilirejeshwa mwaka 2004, baada ya kukubaliwa kuwa dawa itoke Indonesia, nchi ya Waislamu. Katika muda huo kirusi cha polio cha kaskazini ya Nigeria kilisafiri mpaka nchi zipatazo 20. Kilifika Saudi Arabia, kikafika Yemen, kikafika Indonesia yenyewe. Waliopooza miguu walikuwa watoto wa Kiislamu. Haikuwa njama ya adui, walikuwa watu wema waliokhofia watoto wao na wakaamini bila ya kuhakikisha. Baadaye Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, yenye makao yake Jeddah, ilitoa kauli ya kuihimiza chanjo hiyo.

Suratul Hujurat, aya ya 6, imetufunza kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mara nyingi tunaisoma kuhusu ugomvi baina ya watu. Tunaona inaingia pia katika habari za afya zinazozunguka kwenye simu, na mwenye kuusambaza ujumbe asioujua asili yake anabeba sehemu ya madhara yake.

Kwa yule mama sasa. Chanjo inayotolewa kwa wasichana skuli ni ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018. Saratani hiyo inaongoza kwa wanawake nchini mwetu, na sababu yake karibu daima ni kirusi kiitwacho HPV. Ndani ya chanjo hakuna kirusi hai wala DNA ya kukizalisha. Ni maganda matupu ya protini yanayofanana na kirusi kwa umbo, ili mwili ujifunze kumjua adui kabla hajafika. Ganda tupu halina mzigo wa kubeba, halina cha kubadilisha katika vinasaba vya mtu. Australia imewachanja wasichana wake skuli tangu mwaka 2007, na waliochanjwa mwanzo leo ni mama wenye watoto.

Wapo wazazi wanaosema: binti yangu nimemlea kwa heshima, chanjo ya maradhi ya zinaa ya nini? Tunawaelewa. Lakini kirusi hiki hakiulizi hati ya ndoa. Binti aliyejihifadhi anaolewa kwa halali na mume ambaye huenda anacho kutoka ndoa iliyotangulia, au kutoka ujanani mwake, na mwenyewe hajui kwa sababu hakimuumizi. Kumchanja binti si kumtuhumu, kama ambavyo kumchanja haji homa ya uti wa mgongo si kumtuhumu kuwa mgonjwa. Na chanjo hutolewa mapema, umri wa skuli, kwa sababu inafaa kabla ya kukutana na kirusi, haitibu baada ya hapo.

Tena yule anayekhofia kizazi cha binti yake aijue saratani yenyewe. Inapogunduliwa imekua, matibabu yake mara nyingi ni kuondoa mfuko wa uzazi, au kuuchoma kwa mionzi. Ugonjwa ndio unaoondoa kizazi, na mara nyingi unamuondoa mama naye, akaacha watoto wadogo.

Tunavyoona sisi, inajuzu na inapendeza kuwachanja mabinti hao, na mama asiwazuie kwa ajili ya ujumbe usio na mwenyewe. Ana haki ya kwenda kituo cha afya na kuuliza jina la chanjo, inatoka wapi, na ina athari gani. Amtajie muuguzi ikiwa mtoto aliwahi kudhurika vibaya na sindano nyengine. Kuuliza si kukosa tawakkul. Na riwaya ile, ikiwa mabinti wameshaianza, waimalize wakiwa na mama yao, wakitafuta kila ukurasa neno la kweli liko wapi na mia zake zimeanzia wapi.

Wallahu a'lam.